Njia Mpya za Kufikisha Dawa kwenye Mizizi ya Nywele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dawa zenye ushahidi wa kutosha dhidi ya upara wa kurithi ni chache, na mbili kuu, minoksidili na finasteridi, zimekuwa zikitumika kwa miongo kadhaa. Ukikuta tangazo lenye neno "mpya", mara nyingi kilichobadilika ni gari, yaani njia ya kuifikisha dawa. Abiria, dawa yenyewe, ni yule yule. Kuna magari mapya yanayofika kweli, na kuna mengine yaliyopakwa rangi tu. Majibu haya yanakusaidia kuyatofautisha.

Dawa inapakwa pale pale nywele zinapotoka. Sasa shida iko wapi?

Shida ni kina. Sehemu inayozalisha unywele iko chini kabisa ya kinyweleo, na kwa unywele uliokomaa wa kichwani sehemu hiyo huwa milimita 3 hadi 4 chini, ndani ya tabaka la mafuta. Juu yake kuna tabaka la seli zilizokufa lenye unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, seli zimepangwa kama matofali na kushikamanishwa kwa mafuta. Ni jembamba kuliko karatasi, lakini limeumbwa kuzuia vitu visiingie, na kazi hiyo linaiweza. Ukipaka minoksidili kwenye ngozi ya kichwa isiyo na majeraha, wastani wa asilimia 1.4 tu ndiyo huingia kwenye damu. Sehemu kubwa hubaki juu: hunaswa na nywele, hufutwa na foronya, au huondoka na maji ya kuogea.

Dawa ina njia tatu za kupita: kukatiza ndani ya seli, kupenya kwenye mafuta yaliyo kati ya seli na seli, au kushuka kupitia mdomo wa kinyweleo chenyewe. Teknolojia nyingi mpya zinaitafuta hiyo njia ya tatu, kwa sababu ndiyo inayoelekea moja kwa moja kwenye mzizi. Kikwazo ni kwamba mdomo huo huwa umejaa mafuta ya ngozi, ukoko na mabaki ya bidhaa za nywele.

Tena, ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu. Dawa ikishafika chini, damu huisomba na kuipeleka mwilini, mahali usipoihitaji. Kwa hiyo kila njia mpya ipime kwa maswali matatu: inafika? inakaa? haivuji? Utaona kwamba ni nadra njia moja kuyajibu yote matatu vizuri.

Njia hizi zinafaa kwa kila mtu anayenyonyoka nywele?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Karibu kila kitu kilichoelezwa hapa kinahusu upara wa kurithi, ambapo homoni ya DHT hufanya vinyweleo kusinyaa kidogo kidogo, mzunguko wa ukuaji baada ya mzunguko, na upara wa mabaka, ambapo kinga ya mwili hushambulia vinyweleo.

Nywele zinazopukutika kwa wingi miezi 2 hadi 3 baada ya homa kali, kujifungua, upasuaji au kukonda kwa kasi zina sababu nyingine, na kwa kawaida hurudi zenyewe sababu ikiisha. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo hutibiwa kwa chanzo chake. Nywele zilizokatika kwa kusukwa na kuvutwa kwa miaka zinataka kwanza mvuto uachwe. Na pale kinyweleo kilipogeuka kovu, ngozi ikawa laini inayong'aa bila vitundu, hakuna cha kupelekewa dawa. Kovu la namna hiyo likiwa bado linaenea, likiwasha au kuuma, muone daktari wa ngozi mapema. Kila wiki ina thamani.

Kwa nini dawa nyingine hupenya na nyingine hukataa?

Kwanza ni ukubwa wa molekuli. Mwaka 2000 Jan Bos na Marcus Meinardi waliandika kanuni ambayo bado inafuatwa: molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana kwenye ngozi nzima. Minoksidili ina daltoni 209, finasteridi 373, na dutasteridi, dawa ndugu ya finasteridi, 529. Sasa unaelewa kwa nini minoksidili hupakwa, finasteridi ya kupaka inawezekana, na dutasteridi watu huipeleka kwa sindano.

Pili ni tabia ya dawa mbele ya maji na mafuta. Inayopenda mafuta kupita kiasi huingia kwenye tabaka la juu na kukwama humo. Inayopenda maji mno hairuhusiwi hata kuingia. Minoksidili ina ugumu wake wa pekee: haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana huwekwa kwenye mchanganyiko wa alkoholi, propilini glikoli na maji. Alkoholi ikiruka, dawa iliyobaki huanza kuganda. Ule unga mweupe unaouona kwenye mizizi ya nywele baada ya saa chache ni chembe za minoksidili zilizoganda juu ya ngozi, na dawa iliyoganda haipenyi. Kuongeza kiasi unachopaka hakusaidii, kunaongeza unga.

Kabla ya kutafuta njia mpya, nitajuaje kama ile ya zamani naitumia sawasawa?

Hili ndilo swali ambalo lingepaswa kuulizwa mara nyingi zaidi. Wengi waliokata tamaa na minoksidili ya maji walikuwa wanazipaka nywele, ngozi haikupata kitu. Fanya hivi:

1. Ngozi ya kichwa iwe kavu na safi.
2. Vuta mililita 1 kwa dropa. Tenganisha nywele kwa njia, moja kila sentimita moja hivi, na ugusishe ncha ya dropa kwenye ngozi ya sehemu iliyopungua.
3. Sambaza kwa ncha za vidole kwa upole, kisha nawa mikono kwa sabuni.
4. Usioshe kichwa kwa angalau saa 4. Dawa ya usiku ipakwe saa 2 hadi 4 kabla ya kulala, la sivyo foronya itakula sehemu yake na uso utapata nywele usizozitaka.

Kipimo cha kawaida cha myeyusho ni mililita 1 mara 2 kwa siku. Povu la asilimia 5, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 2006, halina propilini glikoli. Kama kichwa kinawasha, kina wekundu na ukoko tangu uanze myeyusho, mara nyingi mkosaji ni hiyo propilini glikoli, hivyo jaribu povu kabla ya kuiacha dawa. Povu huyeyuka kwa joto la vidole, kwa hiyo osha vidole kwa maji baridi, vikaushe, ndipo ulichukue.

Napaka ipasavyo kwa miezi 6 na sioni kitu. Je, dawa haifiki?

Inawezekana inafika, lakini haiamshwi. Minoksidili yenyewe haina nguvu hadi kimeng'enya kiitwacho sulfotransferezi, kilicho kwenye kinyweleo, kiigeuze kuwa minoksidili salfeti. Watu hutofautiana sana kwa kiasi cha kimeng'enya hicho. Mwenye kidogo anaweza kupaka kwa uaminifu mwaka mzima bila faida. Tretinoini ya kupaka, dawa ya jamii ya vitamini A, huongeza kazi ya kimeng'enya hicho, na pia hulegeza tabaka la juu la ngozi, ndiyo maana madaktari wengine huiandika pamoja na minoksidili. Ubaya wake ni muwasho, na ngozi iliyolegezwa huruhusu dawa nyingi zaidi kwenda kwenye damu. Usiichanganye mwenyewe nyumbani.

Chembe za nano na liposomu zinafanya nini hasa?

Wazo ni kuifunga dawa ndani ya kifuko kidogo kinachoteleza hadi ndani ya kinyweleo na kuiachia humo polepole. Aina ni nyingi: liposomu, ambazo ni vifuko vya mafuta ya aina ile ile inayojenga kuta za seli, etosomu, ambazo ni liposomu zenye alkoholi nyingi, mara nyingi asilimia 20 hadi 45, ili ziwe laini na ziweze kujipenyeza, niosomu, na chembe za mafuta magumu.

Utaratibu wa kuingia kwake unapendeza. Unywele chini ya darubini si laini. Una magamba yanayopandana kama vigae vya paa. Kikundi cha Jürgen Lademann, Berlin, kilionyesha kwamba unywele ukisogea huku na huku wakati wa kusugua, magamba hayo hufanya kazi kama meno ya gia yanayosukuma chembe kwenda chini. Chembe zenye ukubwa unaokaribiana na unene wa magamba hayo, nanomita mia kadhaa hadi 700 hivi, ndizo zinazoshuka zaidi. Ndogo sana hazishiki kwenye meno ya gia. Kwa hiyo ule usemi wa matangazo kwamba "ndogo zaidi hupenya zaidi" si sahihi kwa kinyweleo. Na bila kusugua, faida ya chembe hupungua sana: katika majaribio yao ya mwaka 2007, rangi iliyofungwa kwenye chembe za nanomita 320 na kusuguliwa ilikaa ndani ya vinyweleo hadi siku 10, wakati rangi ile ile isiyo kwenye chembe ilikaa siku 4.

Kwa swali la kukaa, basi, chembe hizi zina jibu zuri sana. Kinyweleo kinageuka kuwa ghala.

Kinachoharibika ni hiki. Vifuko huvuja dawa vikiwa bado kwenye chupa, hasa mahali pa joto. Huungana na kuwa vikubwa. Alkoholi ya etosomu huruka kifuniko kikiachwa wazi. Matokeo mengi mazuri yanatokana na ngozi ya nguruwe au panya. Panya ana vinyweleo vingi mno na ngozi nyembamba, kwa hiyo dawa iliyopenya kwake bado haijathibitisha lolote kwenye kichwa cha mtu. Ukikuta chupa iliyoandikwa "nano" au "liposomu", tafuta jina la dawa iliyomo na kiasi chake kwa asilimia. Kama imeandikwa mimea na vitamini tu, umepata gari lisilo na abiria.

Rola ya sindano ndogondogo inasaidia kweli?

Ushahidi upo, ingawa majaribio mengi ni madogo na mafupi. Lililotajwa zaidi ni la mwaka 2013, lililoongozwa na Rachita Dhurat nchini India: wanaume 100, wiki 12. Kundi moja lilitumia minoksidili ya asilimia 5 peke yake. La pili liliongeza rola ya milimita 1.5 mara 1 kwa wiki. Wastani wa ongezeko la nywele katika eneo lililohesabiwa ulikuwa 91 kwa waliotumia rola na 22 kwa wasiotumia.

Lakini angalia jambo dogo lililomo katika utaratibu wao: siku ya rola minoksidili ilisimamishwa, ikarudiwa baada ya saa 24. Vitundu vya sindano huwa vimeziba kwa kiasi kikubwa ndani ya muda huo. Maana yake, kwa mtazamo wetu, sehemu kubwa ya faida ilitokana na jeraha lenyewe. Ngozi inapojiponya hutoa kemikali za ukuaji, na kinyweleo hunufaika nazo. Hili linabadilisha namna ya kutumia rola, kwa sababu linaondoa sababu ya kukimbilia kumwaga dawa kwenye vitundu vibichi.

Ukimwaga, mambo mawili huenda mrama. Minoksidili huingia kwenye damu kwa wingi usiotarajiwa: moyo hudunda, kichwa hugeuka, presha hushuka. Na propilini glikoli, manukato au vihifadhi vilivyotengenezwa kukaa juu ya ngozi vinaposukumwa ndani yake, mwili huvichukulia kama adui na kujenga vinundu vigumu vinavyochukua miezi kuisha.

Kama umekubaliana na daktari wako kutumia rola nyumbani:

Chagua milimita 0.5. Urefu wa milimita 1.5 hutoa damu na unafaa zaidi kliniki, kwa ganzi na usafi wa huko. Loweka rola kwenye alkoholi ya asilimia 70 kwa dakika 10 kabla na baada ya kutumia, iache ikauke. Osha kichwa kwa shampoo isiyo na manukato. Pitisha rola kwa wima, kwa ulalo na kwa mshazari, kwa mkono mwepesi, hadi ngozi iwe nyekundu kidogo au ihisi joto, hapo simama. Inyanyue kila unapobadilisha mwelekeo. Ukiizungusha ikiwa bado imegusa ngozi, sindano hukata mistari na nywele hujiviringisha na kung'oka. Rudia mara 1 kwa wiki, na usipake chochote chenye dawa kwa saa 24.

Sindano hupinda ncha baada ya kutumika mara kadhaa. Pitisha kipande cha pamba juu ya rola. Ikinasa nyuzi, itupe. Rola haiazimwi, hata kwa mke au ndugu, kwa sababu hubeba damu. Usiitumie kabisa kama ngozi yako ni ya kuota makovu ya keloidi, kama una vipele vyenye usaha, mba mkali wenye vidonda, soriasi, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Na viraka vya sindano zinazoyeyuka?

Hapa kuna matumaini ya kweli. Kiraka kina mamia ya sindano fupi, kwa kawaida chini ya milimita 1, zilizoundwa kwa vitu kama asidi ya hialuroniki, na dawa imo ndani ya sindano yenyewe. Unabandika, unabonyeza, sindano zinayeyuka ndani ya ngozi ndani ya dakika au saa kadhaa, unabandua karatasi tupu. Hakuna takataka yenye ncha, na kipimo kinajulikana.

Vikwazo navyo ni vya wazi. Kila sindano hubeba dawa kidogo sana, kwa hiyo inafaa dawa kali zinazotosha kwa kiasi kidogo. Nywele zilizobaki huzuia kiraka kisilale vizuri kwenye ngozi, na kichwa ni duara. Unyevu hulainisha sindano kabla hazijaingia. Viraka vya nywele bado viko kwenye utafiti. Vile vinavyouzwa mtandaoni mara nyingi vina vipodozi, havina dawa.

Leza na umeme je?

Leza ya vipande vipande hutoboa safu za vitundu vyenye kina kinachopangwa kwa mashine, hivyo inalingana zaidi kuliko rola. Ni ghali, na kwa ngozi nyeusi nguvu ikizidi kidogo huacha madoa yanayodumu, kwa hiyo aliyeishika mashine ni muhimu kuliko mashine. Umeme hafifu wa kusukuma dawa yenye chaji umejaribiwa pia. Kwa upara bado haujaonyesha kitu cha kumfanya mtu abadilishe tiba.

Finasteridi ya kupaka ni salama kuliko kidonge?

Huvuja kidogo zaidi, lakini huvuja. Jaribio la awamu ya tatu la mpulizo wa asilimia 0.25, lililochapishwa na Bianca Maria Piraccini na wenzake, lilidumu wiki 24. DHT, homoni ambayo finasteridi huipunguza, ilishuka kwenye damu kwa asilimia 34.5 kwa waliopuliza, dhidi ya asilimia 55.6 kwa waliomeza kidonge, na kiwango cha juu cha dawa kwenye damu kilikuwa chini kwa zaidi ya mara 100. Nywele ziliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana. Mpulizo huo una kiambato kinachotengeneza utando mwembamba ukikauka, ili dawa ishikiliwe kwenye ngozi.

Sasa fanya hesabu. Dozi ya jaribio ilikuwa mipulizo 1 hadi 4 kwa siku, kila mmoja mikrolita 50. Mipulizo 4 ni mililita 0.2, yaani takriban miligramu 0.5 za finasteridi. Mtu anayenunua mchanganyiko wa asilimia 0.25 uliotengenezwa na mfamasia na kuupaka kama alivyozoea minoksidili, mililita 1 mara 2 kwa siku, anaweka miligramu 5 kichwani. Hiyo ni mara 10 ya dozi ya juu iliyojaribiwa. Kisha anashangaa kwa nini amepata madhara yale yale ya kidonge: kupungua hamu ya tendo la ndoa, nguvu za kiume kupungua, huzuni. Aprili 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu finasteridi za kupaka zinazochanganywa hivi, ambazo haijawahi kuziidhinisha. Barani Ulaya, mwaka huo huo, kamati ya usalama wa dawa ilithibitisha mawazo ya kujiua kuwa madhara yanayoweza kuletwa na vidonge vya finasteridi. Ukiona hisia zako zimebadilika, acha dawa na umwone daktari siku hiyo hiyo.

Mjamzito, au anayeweza kuwa mjamzito, asiguse dawa hii wala kichwa kilichopakwa ambacho hakijakauka, kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.

Sindano za dutasteridi kichwani zinafanyaje kazi?

Daktari huchoma vipimo vidogo vya myeyusho wa asilimia 0.01 kwenye ngozi ya sehemu iliyopungua, kwa kawaida kila baada ya miezi 3. Mililita 1 ina mikrogramu 100, ilhali kidonge kimoja cha kila siku kina mikrogramu 500. Muda unaweza kuachana hivyo kwa sababu dutasteridi hupenda mafuta, hung'ang'ania kwenye tishu, na mwilini huchukua takriban wiki 5 kupungua kwa nusu. Sifa iliyoifanya ikataliwe na ngozi ndiyo inayoifanya ikae ikishaingizwa.

Inauma, kwa hiyo ganzi hutumika. Paji la uso linaweza kuvimba kwa siku moja au mbili. Hatari kubwa ni usafi wa dawa: myeyusho usioandaliwa kwa ajili ya sindano huleta maambukizi ya bakteria wagumu, wenye vidonda visivyopona kwa antibayotiki za kawaida. Uliza dawa ilitengenezwa wapi na kama imesafishwa kwa kiwango cha sindano. Asiyeweza kujibu asikuchome. Kumbuka pia kwamba anayetumia vidonge vya dutasteridi hukatazwa kutoa damu hadi miezi 6 ipite tangu aache. Kwa finasteridi ni mwezi 1.

Nasikia madaktari wamerudi kwenye minoksidili ya kumeza. Hiyo ni mpya?

Ni ya zamani kuliko ya kupaka. Kidonge kiliidhinishwa Marekani mwaka 1979 kwa presha sugu, wagonjwa wakaanza kuota nywele, ndipo ikaja ya kupaka mwaka 1988. Kilicho kipya ni dozi ndogo: kwa wanawake mara nyingi miligramu 0.25 hadi 2.5 kwa siku, kwa wanaume 2.5 hadi 5, wakati kwa presha hutumika 10 hadi 40. Damu huipeleka dawa hadi chini ya kinyweleo bila kupambana na ngozi, na ini husaidia kuiamsha. Swali la kufika limejibiwa kikamilifu. Swali la kuvuja limeachwa wazi. Nywele huota usoni na mikononi, miguu huweza kuvimba, mapigo ya moyo kwenda mbio, na kwa nadra maji hujaa kwenye kifuko cha moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo asiianze bila kupimwa.

Kuna pia vidonge vya kuyeyusha chini ya ulimi, na vya kuachia dawa polepole, ambavyo lengo lake ni kuzuia kile kilele cha dawa kwenye damu kinacholeta mapigo ya moyo. Vinaendelea kujaribiwa.

Upara wa mabaka unatibiwa kwa njia zipi?

Kwa mabaka machache, sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi, ndani ya ngozi bado ni njia bora, na ni mfano mzuri wa dawa kupelekwa hasa inapotakiwa. Kwa kichwa hutumika mara nyingi miligramu 5 kwa mililita, tone la mililita 0.05 hadi 0.1 kila baada ya sentimita 1, ikirudiwa kila wiki 4 hadi 6. Ikichomwa juu sana au kwa nguvu kubwa, ngozi hubonyea na kuacha shimo. Mara nyingi hujaa tena baada ya miezi.

Kwa ugonjwa mkali dawa ni za kumeza, zinazotuliza kinga ya mwili: barisitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, ritlesitinibu mwaka 2023 kwa kuanzia umri wa miaka 12, na deuruksolitinibu mwaka 2024. Kila mtu angependa dawa hizi zipakwe ili zisiguse kinga ya mwili mzima. Krimu ya ruksolitinibu ilijaribiwa, na haikuishinda krimu tupu isiyo na dawa. Kinga inashambulia kwenye kitako cha kinyweleo, na krimu haifiki huko. Hii ndiyo sababu hasa utafiti wa njia za kufikishia dawa una maana kwa wagonjwa hawa.

Je, eksosomu na plazma yenye chembe sahani?

Plazma inatoka kwenye damu yako, inazungushwa kwenye mashine na kuchomwa kichwani, kwa kawaida mara 3, kila baada ya mwezi mmoja. Wengine hufaidika, ila kila kliniki huiandaa kivyake, hivyo matokeo ya moja hayakuambii ya nyingine. Eksosomu, vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, ni jambo tofauti: FDA haijaidhinisha hata bidhaa moja ya eksosomu, na mwaka 2019 ilitoa onyo baada ya wagonjwa kupata madhara makubwa. Tunashauri kuzikataa.

Nyumbani kuna watoto wadogo na paka. Nichukue tahadhari gani?

Watoto wachanga Ulaya wameripotiwa kuota nywele mwili mzima baada ya kulazwa kifuani au kichwani kwa mzazi anayepaka minoksidili. Jipake dawa wakati mtoto amelala, acha ikauke, vaa kofia, usibadilishane naye mto. Kwa paka hali ni mbaya zaidi: kiasi kidogo cha minoksidili kinachorambwa kutoka kwenye nywele au foronya kinaweza kumuua. Wenye paka wafikirie tiba nyingine.

Nitajuaje kama njia niliyochagua inafanya kazi?

Kioo hudanganya. Piga picha kila baada ya wiki 4: taa ile ile, umbali ule ule, nywele kavu, zimegawanywa njia pale pale. Nywele kupukutika zaidi katika wiki 2 hadi 8 za mwanzo ni kawaida kwa minoksidili, kwa sababu nywele zilizokuwa zimepumzika husukumwa na mpya. Wengi huacha hapo hapo, wiki chache kabla ya faida kuanza. Hukumu isitolewe kabla ya miezi 6.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukianza rola, povu na mpulizo wiki moja, kichwa kikiwaka moto hutajua cha kuacha.

Nikiacha, nini kinatokea?

Njia yoyote uliyotumia, kinyweleo hakisahau urithi wake. Nywele zilizopatikana kwa minoksidili huanza kupotea ndani ya miezi 3 hadi 4. Ukikosa siku moja au mbili, endelea na kipimo chako cha kawaida. Usipake mara mbili kufidia, kwa sababu kinachozidi hugeuka ule unga mweupe juu ya ngozi.